Kamba Iliyonyooka: Maisha ya Alexander Mackay

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya lesoni ya wiki hii: Habakuki 2:2, 3, Luka 14:28–30, Nehemia 6:1–4, Mithali 16:3, 9, Matendo 16:6–10, Wafilipi 3:12–14, Waebrania 11:39, 40.

Fungu la kukariri: Wafilipi 3:14. Lisome katika Biblia yako na kulikariri pamoja na familia.

Mkulima wa pamba wa Bariadi au Itilima anayepanda kwa mstari huanza na vigingi viwili na kamba. Hufunga kamba kwenye kigingi cha kwanza, hutembea hadi mwisho wa shamba, hukaza, kisha hufunga cha pili. Baada ya hapo hahitaji kubahatisha. Kila shimo analochimba hulilinganisha na kamba. Jirani yake aliyepanda bila kamba huenda akawa amechoka kama yeye, lakini wakati wa kupalilia na kupiga dawa ndipo tofauti inapoonekana.

Kila mwezi wa Januari, makanisani mwetu, tunasikia nia nyingi njema. Mmoja ataisoma Biblia yote mwaka huu. Mwingine atalipa ada ya mtoto mapema. Kijana atajifunza ufundi. Mama ataanzisha mradi wa kuku. Pamba inapouzwa na fedha kwisha, wengi wetu hatuna la kuonyesha, nasi tunajilaumu kuwa ni wavivu. Lakini wengi walifanya kazi sana mwaka mzima. Walichokosa ni kigingi cha pili: hawakujua hasa wanakwenda wapi, kwa hiyo kila jambo jipya liliwavuta upande wake.

Wiki hii tutajifunza kutoka kwa mtu aliyeweka kigingi cha pili mapema akakishikilia hadi kufa. Jina lake ni Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland. Hakuwa Mwadventista, alifariki mwaka 1890, miaka 13 kabla wamishonari wa kwanza wa kanisa letu hawajafika Upare mwaka 1903. Lakini alipita katika nchi yetu ya Usukuma, aliunda mashua ufukweni mwake, na alifia kusini mwa Ziwa Victoria.

JUMAPILI
Lengo Huanza Kuundwa Nyumbani

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji na mtaalamu wa jiografia. Kwa miaka mingi ya utoto wake, Alexander alifundishwa nyumbani na baba yake. Alisoma ramani, lakini alipenda pia kuwatazama mafundi kazini: mhunzi, seremala, mwenye kinu. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana mdogo, akamwachia Biblia na ombi kwamba aisome kwa bidii.

Alisomea ualimu, kisha uhandisi, huko Edinburgh. Ili apate fedha za kujisomesha, alifundisha shule asubuhi na saa nyingine akajifunza kazi kiwandani. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, Ujerumani, kufanya kazi ya kuchora mitambo. Huko alifanikiwa, akapandishwa cheo, na baadaye akapewa nafasi ya ubia katika kampuni ya mitambo huko Moscow.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuweka lengo lake. Aliposikia juu ya mahitaji ya utume huko Madagascar, aliamua atakuwa mhandisi mmishonari. Kwa watu wa siku zile hayo yalikuwa maneno mawili yasiyokaa pamoja, maana mmishonari alikuwa mhubiri au tabibu. Mackay aliamini kwamba mikono yake pia ingeweza kumtumikia Kristo, na kwamba watu wanaofundishwa Neno wafundishwe pia kazi. Basi nafasi ya Moscow aliikataa. Ilikuwa nzuri, lakini haikuwa kwenye mstari wake.

Aliandika kuomba kwenda Madagascar, akajibiwa kwamba wakati haujawadia. Je, lengo lilikufa? Hapana. Mapema mwaka 1875 msafiri Henry Stanley alikuwa amefika Kageyi, pwani ya Usukuma, katika eneo la Magu ya leo, akaona pia mdomo wa Mto Simiyu unapoingia ziwani. Kutoka hapo alikwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Barua yake ilichapishwa London mwezi Novemba mwaka huohuo. Ilieleza kwamba Buganda inamhitaji mmishonari anayeweza kuhubiri na pia kufundisha kazi za mikono. Mackay alipoisoma, alijua ni wito wake. Mwezi Desemba akapeleka maombi kwa chama cha utume cha Kanisa la Uingereza.

Soma Matendo 16:6–10. Paulo alizuiwa kuingia Asia na Bithinia, lakini kazi yake ilibaki ileile. Mahali panaweza kubadilika huku lengo likibaki.

Jiulize: Je, ninaweza kulitaja lengo langu kwa sentensi moja? Ni nafasi gani nzuri ambayo yanipasa kuikataa kwa sababu yake?

JUMATATU
Hesabu Gharama

Soma Luka 14:28–30. Bwana wetu anataja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuchimba msingi, anaketi. Kuketi huko si kupoteza muda. Ni sehemu ya ujenzi.

Mwezi Aprili 1876 Mackay na wenzake walikuwa tayari kusafiri. Walikuwa wanane. Katika kikao cha kuagana, viongozi walisema maneno ya kutia moyo. Mackay, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliwakumbusha jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Aliwaambia kwamba huenda ndani ya miezi sita watapata habari kuwa mmoja wao amekufa. Akawaomba, habari hiyo ikifika, wasife moyo bali wamtume mwingine mara moja kushika nafasi yake.

Haikupita hata miezi sita. Mmoja wao alifariki mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1877 daktari wao alifariki kwa ugonjwa kwenye pwani ya ziwa. Desemba mwaka huo wengine wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa huko Ukerewe. Mackay mwenyewe aliugua homa kali akiwa njiani kwenda bara, akarudishwa pwani.

Angalia jinsi alivyohesabu. Hakusema kwamba mwenye imani hapatikani na baya. Alilitaja baya lenyewe, kisha akataja kitakachofanyika litakapotokea. Sisi mara nyingi tunaweka malengo kana kwamba mvua zitanyesha kwa wakati, hakuna atakayeugua, na bei ya pamba itakuwa ya mwaka jana. Mvua zikichelewa, lengo linatupwa. Anayehesabu gharama huuliza mapema: likitokea hili, nitafanya nini?

Jiulize: Katika lengo langu la mwaka huu, ni kizuizi gani ninachokijua lakini sijakipangia jibu?

JUMANNE
Lengo Kubwa, Kazi ya Leo

Lengo la Mackay lilikuwa Buganda. Lakini mwaka 1877 alikuwa bado pwani, dhaifu baada ya homa, na ziwa lilikuwa mbali. Angeweza kuketi Saadani akisubiri. Badala yake alichukua kipande cha lengo kilichokuwa mbele ya miguu yake. Pamoja na vibarua alifyeka njia ya mikokoteni kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370, kupita katika misitu, makorongo na vinamasi. Ng'ombe wa kukokota walikufa kwa wingi, na mikokoteni haikuleta faida aliyoitarajia. Lakini njia ilipatikana, naye alikuwa amesogea.

Tarehe 13 Juni 1878 alifika Kageyi. Mizigo ya wenzake waliokufa ilikuwa imerundikana, mingine imeshika kutu na mingine imeliwa na mchwa. Mashua yao, iliyoitwa Daisy, ilikuwa imepasuka mbao kwa jua. Mackay hakuanza na ziwa zima. Alianza na rundo. Alipanga vitu kimoja kimoja: misumari hapa, vipande vya mtambo pale, herufi za kuchapia kule. Kisha akaanza kuiziba mashua.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo la hatari kuliko yote. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha kuonana na Mtemi Lukonge, ambaye watu wake waliwaua Smith na O'Neill. Wenyeji wa Kageyi walimsihi asiende. Alikwenda, akafanya amani, akarudi salama. Alijua kwamba kazi ya Mungu haiwezi kujengwa kando ya ziwa lenye kisasi.

Mwezi Agosti alianza safari ya ziwani pamoja na mwenzake Wilson, na dhoruba ikaivunja mashua kwenye pwani ya magharibi. Walikata sehemu ya katikati ya mashua, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, wakaunganisha vipande viwili vilivyobaki. Kazi hiyo iliwachukua wiki nane. Mashua ilikuwa fupi kuliko mwanzo, lakini ilifika. Novemba 1878, zaidi ya miaka miwili tangu aondoke Uingereza, Mackay aliingia mji mkuu wa Buganda.

Kuna fundisho hapa kwa yeyote ambaye mpango wake umevunjika katikati. Pengine hutapata tena mashua ndefu uliyoanza nayo. Kata, unganisha, endelea.

Jiulize: Lengo langu kubwa linanidai kazi gani wiki hii? Ni rundo lipi ninalopaswa kuanza kulipanga kesho?

JUMATANO
Kazi Zinazoingilia Kati

Soma Nehemia 6:1–4. Adui zake walimwita mara nne aje kukutana nao bondeni, na mara nne alikataa kushuka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubwa. Mwito usiofaa ni rahisi kuutambua ukitoka kwa adui. Ni vigumu zaidi ukitoka kwa mkubwa au rafiki.

Kabaka Mutesa alimpenda Mackay kwa sababu ya mikono yake. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Alikuwa na mahali pa uhunzi, alichimba kisima na kukitia pampu, jambo lililowashangaza wote. Lakini kabaka alitaka zaidi bunduki zake zitengenezwe. Mama yake kabaka alipofariki mwaka 1882, Mackay alitakiwa kutengeneza jeneza kubwa la kifalme, na kazi hiyo ilimla siku nyingi.

Kazi hizo hakuzikataa zote, maana zilimpa kibali cha kubaki. Lakini hakuziruhusu ziwe ndizo kazi yake. Lengo lake lilikuwa watu wasome Neno la Mungu kwa lugha yao. Alikwisha kujifunza Kiswahili, nacho kilieleweka katika jumba la kifalme, kwa hiyo alianzia hapo huku akijifunza Kiganda. Herufi kubwa za kufundishia hazikuwapo, akazichonga mwenyewe kwa mbao. Alichapa karatasi za kusomea, na vijana waliokuja kutazama chuma kikifuliwa wakaondoka na silabi mkononi. Machi 1882 watu watano wa kwanza walibatizwa.

Tusimfanye kuwa malaika. Mwaka 1879 walipofika mapadre wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, mabishano kati yao na Mackay mbele ya kabaka yalikuwa makali, na wasikilizaji walibaki wakishangaa Wazungu hawa wanamwabudu Mungu yupi. Mtu mwenye lengo lililo wazi ana hatari yake: anaweza kumwona kila anayesimama njiani kuwa ni kizuizi tu, akasahau kwamba naye ni mtu. Tusimamie ukweli tunaouamini, lakini lengo lisilo na upendo huwachosha hata linaokusudia kuwasaidia.

Jiulize: Ni shughuli gani zinazonipa kibali au riziki, lakini zimeanza kuchukua nafasi ya lengo lenyewe? Je, familia yangu inanufaika na lengo langu, au inaliogopa?

ALHAMISI
Njia Inapofungwa

Soma Mithali 16:3, 9. Mafungu haya mawili yasomwe pamoja. La tatu linatuhimiza kupanga na kumkabidhi Bwana. La tisa linatukumbusha nani anayeongoza hatua. Asiyepanga anamjaribu Mungu. Anayeabudu mpango wake amemsahau.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo waliuawa kwa kuchomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja. Tarehe 3 Juni 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, walichomwa Namugongo. Baadhi yao walijifunza kusoma kwa karatasi zilezile. Tuwaze uzito huo moyoni mwa mwalimu. Lengo lake lilikuwa limewagharimu wanafunzi wake maisha.

Mwenzake Ashe aliondoka Agosti 1886, na Mackay akabaki peke yake karibu mwaka mzima. Watu walikuja kwake usiku kwa siri. Alifundisha, alitafsiri, alichapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Julai 1887 alilazimika kuondoka. Alifunga nyumba yake, akashuka ziwani.

Hakurudi Ulaya. Alisimama Usambiro, mwisho wa kusini wa ziwa, akaanza upya: nyumba, karakana, matofali, mashine ya kuchapa. Wakristo wa Buganda waliokimbia mateso walimfuata huko, akawafundisha. Akatafsiri Injili ya Yohana. Akaanza kuunda mashua ya mvuke ili ziwa livukwe kwa urahisi. Njia ya kuingia Buganda ilikuwa imefungwa. Lengo la Neno katika lugha ya watu lilikuwa wazi kama jana.

Agosti 1889 Stanley alipita hapo akiwa na msafara wake, akakaa karibu wiki tatu. Mackay alikuwa na miaka 13 Afrika bila likizo hata moja. Stanley alimshauri aondoke naye. Alikataa. Viongozi wake walipomtaka arudi nyumbani kupumzika, aliwajibu kwamba wakati huo haufai mtu kuacha zamu yake; wamletee kwanza watu ishirini, ndipo aende kuwasaidia kutafuta ishirini wengine.

Jiulize: Ni mlango gani uliofungwa maishani mwangu? Je, uliofungwa ni mlango tu, au nimeachilia na lengo lenyewe?

IJUMAA
Kwa Mafunzo Zaidi

Tarehe 8 Februari 1890, baada ya siku chache za homa ya malaria, Alexander Mackay alifariki Usambiro. Alikuwa na umri wa miaka 40. Mashua ya mvuke haikuwa imekamilika. Biblia ya Kiganda ilikuwa bado. Wale ishirini hawakuwa wamefika. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Je, alishindwa? Soma Waebrania 11:39, 40. Mwaka uleule wa 1890 alifika Buganda kijana aliyeitwa George Pilkington. Alijifunza lugha kwa haraka, akaendeleza tafsiri pamoja na Waganda wenyewe. Agano Jipya lilikamilika mwaka 1893, na Biblia nzima mwaka 1896. Pilkington aliweza kuendelea kwa sababu kamba ilikuwa imekazwa tayari. Alishika pale ilipoachwa.

Hilo ndilo tulichukue wiki hii. Lengo lililo wazi linatusaidia kufanya kazi nyingi, lakini faida yake kubwa zaidi ni kwamba mwingine anaweza kuliendeleza. Baba ambaye watoto wake wanajua kwa nini anaweka akiba amewaachia zaidi ya fedha. Mzee wa kanisa aliyeandika mpango wa kujenga na kuuweka wazi amelikinga kanisa dhidi ya kuanza upya kila uchaguzi unapofika. Habakuki 2:2 linaagiza maono yaandikwe waziwazi ili anayesoma aweze kwenda nayo.

Kabla jua halijatua leo, chukua karatasi moja na uandike:

1. Lengo moja tu la robo hii, kwa sentensi moja.
2. Nitajuaje kwamba limetimia?
3. Litanigharimu nini, na nitafanya nini mambo yakiharibika?
4. Kazi yake ya wiki hii ni ipi?
5. Nani ataniuliza nimefikia wapi?

Mfano: mama anayetaka kuisoma Injili ya Luka ana sura 24 mbele yake. Robo ina Sabato 13. Akisoma sura mbili kila wiki atamaliza kwa wiki 12, na wiki moja itabaki kwa ajili ya ugonjwa au msiba. Hilo ni lengo lenye vigingi viwili. Kusema tu kwamba atasoma Biblia zaidi mwaka huu ni kigingi kimoja.

Kila Ijumaa, katika maandalio ya Sabato, itazame karatasi yako kwa dakika chache. Mshukuru Mungu kwa shimo lililochimbwa kwenye mstari. Lililokwenda upande, mwombe msamaha, urudi kwenye kamba. Kisha iweke karatasi kando. Sabato ni siku ya kukumbuka kwamba dunia inashikiliwa na Mungu, wala si na malengo yetu.

Maswali ya Kujadili

1. Mackay alikataa ubia wa Moscow kwa ajili ya lengo ambalo mlango wake ulikuwa bado haujafunguliwa. Je, ni busara wakati wote kufanya hivyo? Mtu mwenye watoto wa kusomesha apime jambo hilo jinsi gani?

2. Jadilini darasani tofauti kati ya kung'ang'ania mpango na kudumu katika lengo. Toeni mfano wa shambani na mfano wa kanisani.

3. Mackay alikataa kupumzika hata aliposhauriwa na viongozi wake. Mnamsifu, mnamkosoa, au yote mawili? Kanuni zetu za afya na Sabato zinatufundisha nini kuhusu jambo hili?

4. Kanisa lenu lina lengo gani la robo hii? Ikiwa washiriki watatu wataulizwa mmoja mmoja, je, watatoa jibu moja?